Jumba la Sultani kwa Macho ya Mtu wa Masimba

Kwetu Masimba, huku Ugusii nchini Kenya, mgeni huketishwa sebuleni, lakini habari za nyumba ziko jikoni. Huko ndiko magokoro, yaani nyanya, alikokuwa akisonga obokima, ugali wa wimbi, na huko ndiko tulikotajiwa majina ya waliotuzaa tukiwa tumeota moto. Wagusii wakisema amaiga wana maana ya mafiga matatu ya kutelekea chungu. Figa moja huitwa riiga, na neno hilohilo ndilo wanaloliitia watu wa babu mmoja. Jiwe la jikoni limekuwa jina la ukoo. Basi nilipopanda ngazi za kasri la masultani wa Zanzibar, huku upepo wa bahari ukiingia madirishani, nilijikuta ninatafuta jiko kabla ya kukitafuta kiti cha enzi.

Kasri hilo limesimama barabara ya Mizingani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, hatua chache kutoka bustani ya Forodhani. Ni jumba refu, jeupe, la ghorofa, lenye mbao za madirisha zilizopangwa kwa unyofu na ukumbi wa juu unaotazama majahazi. Jina lake la kale ni Beit al-Sahel, nyumba ya pwani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaitwa Kasri la Wananchi, na tangu 1994 limekuwa Makumbusho ya Kasri. Majina hayo matatu yanatosha kukuonyesha kwamba nyumba hii haikuwahi kukaa nje ya siasa hata siku moja.

Aliyeanza kuijenga ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyevutwa na Unguja kiasi cha kuhamishia makao yake huko. Mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa ile ya 1830 alikuwa akijenga kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji, na lile la Beit al-Sahel mjini penyewe. Mtoni palikuwa pa kupumzikia na kulea watoto. Mjini palikuwa pa kazi: wafanyabiashara, wajumbe, mabalozi wadogo wa Uingereza, Marekani na Ufaransa, na hesabu za karafuu. Said alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman, na dola yake ikagawanyika kati ya wanawe. Mmoja wao, Barghash, alijaribu kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili. Alirudi kutoka India akiwa ameona mji wenye mifereji, taa na majumba makubwa. Aliposhika usultani mwaka 1870, alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, ubavuni mwa kasri la baba yake.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini na watu wake bila idhini ya Waingereza, waliotaka kuamua wao nani akalie kiti. Walimpa muda wa kuondoka hadi saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizokuwa bandarini zikafyatua mizinga. Haikutimia saa nzima kabla ya bendera ya Sultani kuanguka. Wengi huhesabu dakika 38, na vitabu vya historia ya dunia huviita hivyo vita vifupi kuliko vyote. Wasomaji huupenda ufupi huo kama jambo la kushangaza. Mimi hunikaa moyoni hesabu nyingine: waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa wapatao 500, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Miongoni mwa hao 500 walikuwamo watumwa na watumishi ambao hawakuchagua kuwa ndani ya nyumba ile siku hiyo. Khalid mwenyewe aliponea katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa wakati wa Vita Kuu vya kwanza, akapelekwa St Helena na Shelisheli, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Mtu aliyekuwa sultani kwa siku mbili amezikwa katika nchi yetu ya Kenya.

Jumba tunaloliona leo ni lile lililojengwa upya baada ya mizinga hiyo. Sehemu ya majengo ya ikulu haikurudishwa kabisa. Beit al-Hukm, lililokuwa makao ya wanawake wa nyumba ya kifalme, lilivunjika na halikujengwa tena. Kwa hiyo nyumba ya wanawake ndiyo iliyotoweka, na ya mapokezi ndiyo iliyobaki.

Humo ndimo alimokaa Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, karibu nusu karne. Vyumba vinavyohusu enzi yake ndivyo vilivyonigusa kuliko vingine, kwa sababu havina fahari niliyoitarajia. Ghorofa za chini zina viti vya mpingo vilivyochongwa, picha za masultani wakiwa na majoho na majambia, na meza ndefu za kulia chakula. Ukifika juu kwa mzee Khalifa unakutana na vitanda vya kawaida na kabati la formika, samani ya miaka ya 1950 ambayo leo ungeweza kuipata kwa mwalimu mstaafu kwetu mjini Keroka. Nilisimama mbele ya kabati lile muda mrefu. Kiti cha enzi kinakueleza jinsi mtu alivyotaka kuonekana. Kabati la nguo linakueleza alivyoamka asubuhi.

Kuna pia chumba cha Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi, mbali kaskazini. Salme alijifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, wakati wasichana wa nyumba yake walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily. Mumewe aligongwa na tramu mjini Hamburg na kufariki miaka michache baadaye, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndizo zinazotuonyesha maisha ya ndani ya makasri yale: kelele za watoto, wivu wa masuria, mabirika ya kahawa, farasi, na Mtoni penye watu wapatao elfu moja. Alifariki mjini Jena mwaka 1924.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Salme, kwa kuwa wengi hulipita kwa heshima ya masaibu yake. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa. Aliyajua majina ya ndugu zake na vito vya mama zake wa kambo, lakini mamia ya watu waliobeba maji, waliotwanga, waliofua, waliopepea wageni, kwake ni umati usio na majina. Sioni haja ya kumhukumu kwa ukali wa leo. Alizaliwa ndani ya mfumo huo na ulimlea. Lakini shahidi wetu mkuu wa maisha ya kasri alikuwa na upofu, na jiko ndiko hasa macho yake hayakufika.

Na jiko ndilo lililolisha yote. Karafuu zilizojenga kuta zile zilichumwa na watumwa waliotolewa bara, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa Nyasa na Tanganyika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash alilazimishwa kutia sahihi, na utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa kisheria mwaka 1897. Maana yake ni kwamba kwa muda mwingi wa uhai wa kasri la kwanza, mkono uliowasha moto asubuhi ulikuwa wa mtu aliyenunuliwa. Makumbusho ya ikulu yoyote duniani yana ugumu huu. Vitu vya bwana hudumu, kwa sababu ni vya fedha na mpingo. Vitu vya mtumishi ni kata, ungo na mkeka, navyo huoza.

Nimefikiri sana kuhusu India tangu siku ile, na sababu iko ndani ya nyumba yenyewe. Kwa miongo mingi kuanzia miaka ya 1830, ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, tajiri wa kutoka Kutch, magharibi mwa India. Mkopo wa Wahindi ndio uliotuma misafara bara kutafuta pembe za ndovu na watu. Kutch ilitawaliwa na Warajput wa ukoo wa Jadeja, na katika mji wao wa Bhuj kungali na Aina Mahal, jumba la vioo alilolijenga Rao Lakhpatji katikati ya karne ya 18. Fundi wake, Ram Singh Malam, alikuwa baharia aliyeishi Uholanzi miaka mingi akajifunza kazi ya vioo, vigae na saa. Leo Aina Mahal ni makumbusho. Tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001 liliharibu sehemu kubwa ya Bhuj, jumba hilo likiwamo, na wenyeji wakaanza kulikarabati kipande kwa kipande. Wahindi wengi waliofungua maduka Afrika Mashariki, hata miji ya bara kama Kisii, walitoka Gujarat, jimbo ambalo Kutch imo. Wazee wetu walioshuka mjini kununua blanketi, chumvi na taa za mafuta walikuwa wakishika ncha ya uzi uliofungwa bandarini Unguja na kufika hadi kwenye makasri ya Warajput.

Huko India mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Serikali ilizifuta haki na posho za wafalme wa zamani mwaka 1971, na koo nyingi za Warajput zikabaki na majumba makubwa bila kodi ya wananchi. Wengine waliyageuza wenyewe kuwa makumbusho na hoteli. Jodhpur kuna Umaid Bhawan, jumba la vyumba 347 lililoanza kujengwa 1929 na kukamilika 1943, kazi iliyoanzishwa ili wakulima waliopigwa na njaa wapate ujira. Sehemu moja ni makazi ya ukoo, nyingine ni hoteli, nyingine ni makumbusho. Hapo mjukuu wa mfalme ndiye anayesimulia habari za babu yake. Unguja hali ni kinyume: mwenye nyumba aliondoka, na waliobaki ndio wenye kusimulia.

Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Zanzibar wa tarehe 10 Desemba 1963. Alikimbia kwa meli yake ya kifalme, akakataliwa kushuka Mombasa, akaishia Uingereza, alikoishi kwa zaidi ya nusu karne. Aliruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020 na akafariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024. Nasi Wakenya tulihusika na nyumba yake kuliko tunavyokumbuka. Hadi 1963 ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa kwa jina milki ya Sultani, Waingereza wakiulipia kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikipepea juu ya Ngome ya Yesu.

Ninawapongeza Wazanzibari kwa moyo wote kwa jambo moja. Mapinduzi yalimwaga damu, nyumba nyingi zilitwaliwa, watu wengi walipoteza ndugu. Katika hali hiyo ilikuwa rahisi kuliteketeza kasri. Halikuteketezwa. Liligeuzwa ofisi za serikali, na miaka 30 baadaye viti vilevile vikarudishwa mahali pake ili mtoto wa mkulima wa Donge au Makunduchi aingie avitazame. Kuhifadhi nyumba ya aliyekutawala si kumsujudia. Ni kuuweka ushahidi mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma.

Ushahidi huo lakini unahitaji kutunzwa, na bahari haina huruma na chokaa. Beit al-Ajaib, jirani yake, ambalo nalo lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili, lilifungwa baada ya sehemu yake kudondoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka na kuua watu wawili. Kasri la Marhubi liliungua 1899 na sasa ni nguzo tupu. Mtoni ni magofu. Huko Dunga, katikati ya kisiwa, alikokaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji kabla na wakati wa Waomani, nako ni magofu, ingawa ngoma na siwa ya enzi yake zilipata kuhifadhiwa. Kila jumba lililoanguka limeondoka na sura yake ya kitabu.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu safari hii yote ilinirudisha huko.

Wagusii hatukuwa na mfalme. Tulikuwa na koo, na ndani yake abagambi, wazee wa kuamua mashauri. Hata katika eneo la Kitutu, ambako cheo hicho kilikuwa na nguvu zaidi, hakuna aliyejenga jumba la kutisha wenzake. Vijana walilinda ng'ombe katika ebisarate, maboma ya mifugo waliyoishi humo na silaha zao, ambayo Waingereza waliyafunga mapema katika utawala wao. Dola ilitufikia kwa bunduki. Msafara wa kwanza wa adhabu ulikuja 1905. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, G. A. S. Northcote, naye akapona. Kisasi kilichofuata kilichoma nyumba na kuua watu kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa katika wizara ya makoloni wakati huo, alilalamika London juu ya wingi wa mauaji. Masimulizi ya Wagusii yanasema kichwa cha Otenyo kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Dola za watu wengine zilituachia majengo ya kutazama. Kwetu zilipita na moto.

Watu wasio na kasri hudhani hawana cha kuweka katika makumbusho. Nimesikia kauli hiyo hata kwa wasomi wa kwetu, na naikataa kabisa. Tuna obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma hadi kifua kikatetemeka. Tuna wachongaji wa mawe ya Tabaka, ambao kazi yao imefika madukani mwa dunia nzima bila majina yao. Tulikuwa na ababari, matabibu waliopasua fuvu la mgonjwa aliyeumia kichwani, wakaondoa kipande cha mfupa, na mgonjwa akaishi. Madaktari wa ng'ambo waliandika kuwahusu kwa mshangao. Tuna ekee, kikapu cha kuwekea obokima, kilichosukwa kwa mabua ya wimbi kwa ufundi ambao wasichana wa leo hawafundishwi tena. Ukikusanya vitu hivi vyote utaona kwamba karibu vyote vilikuwa vya jikoni, vya kitandani mwa mgonjwa, au vya uwanjani jioni. Ni mali ya wale ambao katika kasri la Unguja hawana hata kigoda kilichosalia.

Hapo ndipo nilipolielewa swali langu la jiko. Kasri la Mizingani linaweza kutufundisha namna ya kulinda nyumba, kupanga vyumba kwa enzi, kuweka kabati la formika mahali pake bila kulionea haya. Nasi tungeweza kujenga makumbusho ambayo yanaanza pale ambapo lile linaishia. Mlango wa kwanza uwe wa jikoni: mafiga, jiwe la kusagia, chungu, ekee, na sauti za wazee zilizorekodiwa wakisimulia nani alikaa upande gani wa moto. Mkuki na ngao vifuate baadaye.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya makumbusho pamoja na maktaba na shughuli za utamaduni. Kaunti za Kisii na Nyamira haziwezi kusema mamlaka yako Nairobi. Keroka, mji unaokaa mpakani mwa kaunti zote mbili, ungekuwa mahali pazuri pa kufanya kazi hiyo kwa pamoja, kwa kuwa wimbi na obokano havikujua mpaka huo. Ardhi ya eka moja inatosha. Mafundi wa kuezeka nyasi bado wapo, wachache, na umri wao umekwenda.

Nawe msomaji wa Masimba, Nyamira, Ogembo au popote ulipo, usingoje bajeti. Kama kwenu kungali ekee imening'inia darini, usiiuze kwa mtalii wala usiiwashie moto. Muulize mama au magokoro ni nani aliyeisuka, alizaliwa wapi na aliolewa lini. Andika majibu hayo kwenye karatasi kabla ya Krismasi ijayo, uikunje, uiweke ndani yake.